Wateja wanataka nibonyeze "endelea" kwenye onyo la cheti. Nisimamie wapi?

Mama Steshenari, Singida

Wakuu, habari za kazi.

Nina steshenari karibu na stendi hapa Singida. Zamani kazi kubwa ilikuwa kuchapa na kudurufu, siku hizi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya chuo, ajira, usajili wa biashara, malipo ya huku na huku. Mtu anakuja na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, anakaa pembeni yangu, tunaanza. Paswedi kila mtu anaandika mwenyewe, hilo nimelisimamia mpaka wamezoea, maana walikuwa wananitajia kwa sauti na foleni nzima inasikia.

Kinachonisumbua ni ule ukurasa wenye pembetatu nyekundu, "Muunganisho wako si wa faragha". Unatokea mara kwa mara, na mimi nimejiwekea kwamba ukitokea sipiti. Wateja hawanielewi.

Juzi amekuja mzee na kijana wake kutoka Ilongero kujaza maombi ya chuo. Nimeandika anwani, onyo likajaa kwenye kioo. Nikaondoa mkono kwenye mausi nikaanza kueleza. Mzee akanikatiza kwa upole kabisa: "Binti yangu, hiki si chuo kinachojulikana nchi nzima? Chuo kitaniibia mimi? Bonyeza hapo chini uendelee, basi letu linaondoka saa tisa." Nilitaka kumjibu nikakosa maneno ya kumfaa. Wakachukua bahasha yao, wakashukuru, wakaenda duka la pili ambako wanabonyeza bila kuuliza. Baadaye nikawaona wanapita na fomu yao imeshachapwa.

Nimepoteza mteja, sawa, riziki ni ya Mungu. Lakini nataka kujua kama ninachokisimamia kina maana. Je, lile onyo husema kweli kila likitokea? Kama kuna la kupuuza na la kutopuuza, nayatofautishaje? Na mtu mwenye haraka, ambaye basi linamsubiri, namwambia nini kwa maneno machache akaelewa?

Naomba majibu ya mtu anayejua, si ya "sakinisha programu fulani".

---

Fundi wa Kona

Dada, kabla hujaenda mbali, angalia tarehe kwenye hizo kompyuta, pale pembeni chini kulia. Usiangalie saa tu, angalia na mwaka.

Kila cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Brauza inalinganisha tarehe hizo na saa ya mashine yako. Kompyuta nyingi za maofisini kwetu ni za mtumba, na ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, imeshakufa. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka inajikuta imerudi miaka mingi nyuma. Kwa akili yake, cheti cha leo bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakupa onyo kila unapogeuka.

Dalili yake ni rahisi: onyo linatoka kwenye tovuti karibu zote, hata zile kubwa ambazo kila mtu anaingia. Ukiona hivyo tatizo liko mezani kwako. Badilisha betri, rekebisha tarehe, washa ile ya kujipangia saa yenyewe kupitia intaneti. Betri ni ya bei ndogo na fundi yeyote wa saa anayo.

Ila kama mashine zote tarehe ziko sawa na onyo limetoka kwenye tovuti moja tu, hapo si kazi yangu. Wasubiri watu wa seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti.

---

Mkaazi wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, naongezea moja tu nililolikuta huku.

Kwenye mahoteli na viwanja vya ndege, waifai ya bure haikupitishi mpaka ujaze namba ya simu kwenye ukurasa wao. Ukifungua tovuti yako kabla ya hapo, wao wanaikamata ile safari yako ili wakupeleke kwenye ukurasa wao, na brauza inaona aliyejibu siye uliyemwita. Onyo linatoka. Wenzangu wengi wanabonyeza kupita, kisha wanaandika paswedi za benki humo humo.

Usibonyeze. Funga ukurasa, nenda kwenye mipangilio ya waifai, simu yenyewe itakwambia "ingia kwenye mtandao". Au fungua neverssl.com, tovuti inayofunguka bila cheti, imewekwa makusudi kwa kazi hiyo. Ukishakubaliwa na waifai, rudi kwenye tovuti yako. Onyo likibaki hata baada ya hapo, tumia bando lako.

---

Mlinzi wa Seva

Dada wa Singida, ulifanya vema kuondoa mkono kwenye mausi, na yule mzee naye si mjinga. Mimi kazi yangu ni kusimamia seva. Kinachoniuma katika jambo hili ni kwamba lawama zote hutupiwa anayebonyeza, wakati mara nyingi chanzo ni mtu wa upande wetu aliyeacha cheti kikaisha muda huku akijua watu wanakuja.

Nianze na maneno ya mzee, maana watu wengi sana wanafikiri kama yeye. Alisema chuo hakiwezi kumwibia. Kweli, lakini onyo halikusema chuo ni mwizi. Brauza ilikuwa inasema hivi: nimefika mahali panapojiita chuo, nimeomba kitambulisho, kile nilichoonyeshwa kina kasoro, kwa hiyo siwezi kukuhakikishia kwamba hapa ni chuoni. Mtu akibisha hodi kwako akasema ametumwa na shirika la umeme, huulizi kama shirika ni la wezi. Unaomba kitambulisho. Kimeisha muda juzi, ni habari moja. Kina jina la mtu mwingine, ni habari nyingine. Amejitengenezea mwenyewe nyumbani, unafunga mlango. Na kadiri unavyoliamini shirika, ndivyo tapeli anavyopenda kulitumia jina lake.

Hizo habari tatu zimeandikwa kwenye kioo chako, ila wengi hawazisomi kwa sababu ziko kwenye mstari mdogo wa Kiingereza chini ya maandishi makubwa. Kwenye Chrome utaona mojawapo ya hizi:

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Ni mambo ya tarehe. Kwanza fuata alichosema Fundi, angalia saa yako. Saa ikiwa sawa, basi cheti cha tovuti kimeisha muda na mwenye tovuti hajakihuisha.

NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID. Jina la kwenye cheti si jina la tovuti uliyoandika. Mara nyingi ni uzembe: wamehamisha tovuti, au cheti kimetolewa kwa jina lenye www na wewe umeandika bila www. Angalia herufi za anwani moja moja, halafu jaribu namna ya pili. Ikikubali bila onyo, endelea na hiyo. Isipokubali, acha.

NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Aliyetoa cheti hatambuliki na brauza. Inaweza kuwa cheti cha kujitengenezea, inaweza kuwa programu ya kuzuia virusi imejiweka katikati ili ikague, inaweza kuwa ile waifai ya ndugu wa Maskati, na inaweza kuwa mwizi. Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mtu anayejipenyeza kati yako na tovuti kwa kawaida hawezi kupata cheti halali chenye jina la tovuti hiyo. Anachoweza ni kujitengenezea chake. Cheti cha kweli kilichoisha muda ni alama ya uzembe zaidi kuliko wizi. Cheti kisicho na mtoaji anayejulikana ndiyo sura ambayo wizi wenyewe huja nayo.

Wizi huo umeshatokea, na haukuwakuta watu wazembe peke yao. Tarehe 24 Aprili 2018 wezi waliteka njia za intaneti zinazoelekea kwenye seva za majina za Amazon, zile zinazoelekeza kila anwani kwenye seva yake, na kwa muda wa takriban saa mbili watu walioandika anwani sahihi kabisa ya MyEtherWallet, pochi ya sarafu za kidijitali, walipelekwa kwenye seva bandia iliyokuwa Urusi. Soma tena hapo: anwani waliandika sahihi. Hakuna linki ya uongo waliyobofya, hakuna meseji waliyotumiwa. Kitu pekee kilichowasemesha ni onyo la cheti, kwa kuwa wezi walikuwa na cheti cha kujitengenezea. Waliorudi nyuma hawakupoteza kitu. Waliobonyeza kuendelea wakaingia kwenye pochi zao, na zikaondoka sarafu za thamani ya takriban dola 150,000.

Sasa kwa nini watu wanabonyeza? Kwa sababu uzoefu umewafundisha hivyo. Mwaka 2013 watafiti wawili, Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt, walichapisha utafiti uliopima maonyo zaidi ya milioni 25 kwenye Chrome na Firefox. Kwenye Chrome, maonyo ya cheti yalipitwa kwa asilimia 70.2. Kwenye Firefox ilikuwa karibu theluthi moja. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 kuhusu makosa ya vyeti kwenye Chrome ulikuta zaidi ya nusu yanatoka kwenye mashine ya mtumiaji au mtandao anaotumia: saa iliyopotea, waifai ya kujisajili, programu za kukagua. Mtu amepita kwenye onyo mwaka mzima na hakuna kilichomkuta. Wewe ukimwambia leo kuna hatari, anaona unamchelewesha basi. Cormac Herley wa Microsoft aliandika tangu 2009 kwamba mtumiaji anayepuuza ushauri wa namna hii anafanya hesabu yenye akili, maana muda anaopoteza ni wa kweli na madhara anayotishiwa hayaoni. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara naona inatuelekea sisi wenye tovuti.

Google nao walibadilisha sura ya onyo, wakalifanya kitufe cha kurudi kiwe kikubwa na njia ya kuendelea ifichwe chini ya maelezo zaidi. Waliorudi wakaongezeka sana. Lakini wenyewe walikiri mwaka 2015 kwamba lengo la pili, watu waelewe onyo linasema nini, halikufikiwa. Watu walitii bila kuelewa. Ndiyo maana wewe ulikosa maneno ya kumwambia mzee. Waliolitengeneza onyo nao waliyatafuta.

Kwa mteja mwenye haraka, mimi ningesema hivi tu: "Mzee, chuo hakina tatizo. Tatizo ni kwamba sina hakika kama hapa tulipofika ni chuoni. Nipe dakika mbili niangalie kwa njia nyingine." Halafu chukua simu yako, zima waifai ya dukani, washa bando, fungua anwani ile ile. Ikifunguka safi kwenye simu, tatizo ni mashine au mtandao wa duka, na fomu unaweza kumjazia kwa simu. Ikitoa onyo lile lile, mstari ule ule, tatizo ni la chuo, na hapo unasoma huo mstari.

---

Mwaka wa Tatu

Nimesoma yote na nashukuru, ila naona mnaongea kama watu wenye muda.

Mimi niliomba chuo nikiwa kijijini, mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Dirisha linafungwa saa sita usiku, cheti cha tovuti yao kimekufa siku hiyo hiyo, namba yao ya simu haipokelewi. Nikirudi nyuma kama brauza inavyotaka, nimepoteza mwaka mzima wa maisha yangu. Nikiendelea, labda kuna mwizi, labda hakuna. Ndugu Mlinzi, wewe ungefanya nini? Usinijibu "andika barua pepe kwa wahusika".

---

Mlinzi wa Seva

Hoja yako ni ya haki na sitaikwepa.

Ningesoma mstari. Ukiwa ni wa tarehe, na saa ya simu iko sawa, ningefungua maelezo ya cheti pale kwenye mstari wa anwani nione jina na siku kilipoisha. Jina ni la chuo, mtoaji anajulikana, kimeisha jana au leo, niko kwenye bando langu na si waifai ya watu: ningeendelea, nijaze fomu, nipige picha ya ukurasa wa mwisho, na paswedi niliyotumia pale ningeibadilisha wakishakihuisha cheti. Paswedi hiyo isiwe unayoitumia kwingine kokote. Malipo nisingefanya kupitia ukurasa ule. Namba ya malipo ningeichukua, nilipe kwa menyu ya simu, nikihakikisha jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Ukiwa ni ule wa mtoaji asiyetambulika, nisingeendelea hata saa tano na dakika hamsini. Najua maana yake kwako. Ningempigia mtu aliye mjini aniingilie kwa mtandao mwingine.

Lakini swali lako halikupaswa kuwa lako. Cheti hakifi ghafla. Siku ya kufa kwake imeandikwa ndani yake tangu kinapotolewa, na kila mwenye tovuti anaiona. Tangu Desemba 2015 shirika la Let's Encrypt wanatoa vyeti bure kwa yeyote, na kuna programu inayovihuisha yenyewe bila mtu kugusa. Chuo kinachofunga dirisha saa sita usiku na kuacha cheti kife mchana wake kimewafundisha maelfu ya vijana, kwa siku moja, kwamba onyo ni kitu cha kupita. Wale vijana wataendelea kupita kwenye maonyo miaka yote ijayo, na kwenye tovuti za benki zao pia. Nikilala nikikumbuka hilo usingizi unakatika.

Na mambo yatakaza zaidi. Kwa kanuni iliyopitishwa Aprili 2025 na jukwaa la watoa vyeti na watengeneza brauza, umri mkubwa wa cheti unashuka kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia 15 Machi 2026, kisha 100 kuanzia 15 Machi 2027, na 47 kuanzia 15 Machi 2029. Nia ni njema: cheti kilichoibiwa kisitumike muda mrefu. Ila taasisi inayohuisha kwa mkono, kwa kumtegemea kijana mmoja ambaye huenda ameshahama kazi, itakuwa inafunga mlango wake mara nyingi kwa mwaka. Let's Encrypt nao tangu 4 Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha. Mwenye tovuti asiyeweka uhuishaji wa kujiendesha sasa hivi atawasumbua watu kama wewe mpaka mchoke.

---

Dada wa Benki

Naongezea upande wa pili, maana naona wateja wanaokuja kwetu wanalia.

Kukosekana kwa onyo si usalama. Matapeli wa mikopo ya mtandaoni na ajira za uongo wana tovuti zenye vyeti halali kabisa, hivyo hivyo vya bure. Cheti kinathibitisha kwamba umefika kwenye jina lililoandikwa pale juu. Hakithibitishi kwamba mwenye jina hilo ni mwaminifu. Watu walikuwa wanaiona kufuli wanatulia, ndiyo maana Chrome waliiondoa alama ya kufuli Septemba 2023. Kwa hiyo Mama Steshenari, anwani iandike mwenyewe au uihifadhi kwenye brauza, usifungue kutoka kwenye linki aliyotumiwa mteja kwenye kundi la WhatsApp.

---

Mama Steshenari, Singida

Wakuu, mmenisaidia sana. Naleta mrejesho.

Fundi, mashine mbili zilikuwa na tarehe ya 2009. Zote mbili ni zile za karibu na mlango ambazo huwa nazima ukutani jioni. Nimebadilisha betri na maonyo mengi yamekwisha hapo hapo. Ile tovuti ya chuo bado ilikuwa inatoa onyo kwenye mashine zote na kwenye simu yangu kwa bando, mstari wa DATE, cheti kimeisha. Niliwapigia. Aliyepokea hakujua ninazungumzia nini, nikamwomba anipe mtu wa kompyuta, akanipa, nikamsomea ule mstari herufi kwa herufi. Kesho yake onyo halikuwepo.

Nimebandika karatasi ukutani, nimeandika kwa herufi kubwa: "Onyo jekundu likitokea, tunaangalia kwanza kwa simu. Ni dakika mbili. Halina maana kwamba ofisi unayoiomba ni ya wezi." Wanaisoma wakiwa kwenye foleni, na wameanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Limebaki moja. Jana kaja kijana na simu yake, anasema fundi mmoja wa simu amempa faili la cheti aliweke kwenye simu "maonyo yasimsumbue tena", na ananishauri niliweke kwenye kompyuta zangu zote. Sijaliweka. Ni salama?

---

Mlinzi wa Seva

Usiliweke, na mwambie kijana aliondoe leo.

Simu na brauza zina orodha ya watoaji vyeti wanaowaamini. Faili hilo likiingia, mwenye nalo anaongezwa kwenye orodha. Kuanzia hapo anaweza kujitengenezea cheti chenye jina la tovuti yoyote, benki, barua pepe, mtandao wa kijamii, na brauza ya kijana itakikubali bila kusema neno. Maonyo hayatamsumbua kweli, kwa sababu macho ya brauza yamefumbwa.

Kuna nchi ilijaribu hili kwa watu wake. Julai 2019 huko Kazakhstan makampuni ya intaneti yaliwaambia wateja waweke cheti cha serikali kwenye simu na kompyuta zao, ili mawasiliano yao yaweze kufunguliwa na kusomwa njiani. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple walikifungia cheti hicho kwenye brauza zao, hata kwa mtu aliyekwisha kukiweka.

Mfano mwingine ni wa Uholanzi, na huu napenda uusome vizuri kwa sababu unakuhusu. Mwaka 2011 kampuni ya kutoa vyeti iitwayo DigiNotar ilidukuliwa, na vikatolewa vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimoja kikiwa na jina la Google. Mtoaji alikuwa kwenye orodha, kwa hiyo brauza nyingi zilikikubali. Kilitumika dhidi ya watu wa Iran, na wachunguzi walikuta anwani za mtandao karibu 300,000 zilizoguswa. Kilichofichua jambo lile ni Chrome, ambayo ilikuwa imewekewa ndani yake watoaji halali wa vyeti vya Google. Mtumiaji mmoja wa kawaida huko Iran alikuwa anaingia kwenye Gmail, akaona onyo. Alikwenda kwenye jukwaa la msaada la Google akauliza, kama wewe ulivyouliza hapa: onyo hili lina maana gani? Hiyo ilikuwa mwisho wa Agosti. Kabla Septemba haijaisha, DigiNotar walikuwa wamefilisika na brauza zote kubwa zimewafuta kwenye orodha.

Kwenye simu ya kijana, ingia Mipangilio, sehemu ya Usalama, tafuta palipoandikwa vitambulisho au vyeti vinavyoaminika. Majina hutofautiana kidogo kwa kila simu. Utaona vichupo viwili, cha mfumo na cha mtumiaji. Cha mfumo usikiguse. Cha mtumiaji kwa simu ya kawaida huwa kitupu. Chochote atakachokikuta humo ambacho hakuwekewa na ofisi yake, akiondoe, kisha abadilishe paswedi zake kwa kutumia simu nyingine.

Halafu muulize kwa nini maonyo yalikuwa yanamsumbua tangu mwanzo. Kama simu ni ya Android chini ya 7.1.1, orodha yake imegandia pale ilipotengenezwa, na haimjui mtoaji wa vyeti vya Let's Encrypt. Kulikuwa na daraja la kuzisaidia simu hizo; lilifika mwisho tarehe 30 Septemba 2024. Maonyo yake huwa ni yale ya AUTHORITY, kwenye tovuti nyingi zisizohusiana. Dawa yake ni Firefox, ikikubali kuwekwa kwenye simu hiyo, kwa kuwa hubeba orodha yake yenyewe. Isipokubali, mambo ya benki na maombi aje ayafanyie kwako.

---

Mama Steshenari, Singida

Ni Android 6, nimeangalia sasa hivi akiwa amekaa hapa. Kwenye kichupo cha mtumiaji kulikuwa na kimoja, jina halieleweki. Tumekiondoa pamoja, na anabadilisha paswedi kwenye mashine namba tatu. Firefox inashuka.